Kofia Moja na Nauli Yake

Asubuhi moja ya Jumatatu, kabla jua halijapata njia ya kushuka katika vichochoro vya Mkunazini, binti wa ndugu yangu alinikuta barazani nikinywa kahawa, naye amebana kifurushi kwapani na uso umemkunjamana kama mtu aliyedhulumiwa asijue amshitaki nani. Huyu ni msichana mwenye kujituma, ambaye kwa miaka mitatu sasa amekuwa akiwapa mafundi wa kike wa mitaa yetu vitambaa na nyuzi, akikusanya kwao kofia za mkono zilizokwisha tarizwa, akizipiga picha juu ya meza ya marehemu bibi yake, na kuziuza kwa njia ya simu kwa watu ambao aghalabu hajapata kuwaona kwa macho: mwalimu wa Tanga, mwenye duka wa Kariakoo, kijana wa Kizanzibari aliyeko London ambaye Idi ikikaribia ndipo hukumbuka kwamba hana baraghashia ya kuswalia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Nauli imepanda, ami. Juma lililopita nilitoa elfu sita kupeleka kofia moja Tanga. Leo nimetakiwa elfu saba na mia tano, kwa kofia ile ile na sanduku lile lile, na mimi nimekwisha waandikia watu wote kwamba nauli ni juu yangu. Nimerudi nayo."

Ofisi iliyomtaka fedha hizo haina haja ya kutajwa, kwani haikufanya kosa: ilibandika bei mpya ukutani, na bei hiyo ilikuwa moja kwa wote. Lakini kifurushi kile kilichorudi kwapani kilinipa fikra ambazo nimeona si vibaya kuwashirikisha wasomaji, maana siku hizi katika Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja ni nyumba chache zisizokuwa na mtu anayeuza kitu kwa simu, iwe mikoba ya ukili, sabuni ya mwani, udi, vikoi au viungo vya pilau, na wengi wao hujua bei ya kila uzi lakini nauli huikadiria kwa macho, kama mtu apimaye chumvi ya mchuzi.

Nilimwambia alete daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huu hauna mahali unapostahiki zaidi kuliko katika nauli, kwa sababu hasara ya nauli haiji kwa kishindo. Huja kwa mia tano leo na elfu moja kesho. Kibaba hujazwa haba kwa haba, na kwa haba hiyo hiyo humwagika. Tukafungua ukurasa, nasi tukaandika hisabu yake kama ilivyo. Kofia ya kazi nyepesi, ukijumlisha kitambaa, nyuzi na ujira wa fundi, humgharimu shilingi 30,000, naye huiuza 40,000. Katika faida ya 10,000, alikuwa akitoa 6,000 za nauli na kubakiwa na 4,000. Sasa akitoa 7,500 hubakiwa na 2,500. Nauli imepanda kwa robo, lakini kilichopungua mfukoni mwake ni zaidi ya theluthi ya kile kilichokuwa kikimbakia. Na ikipanda mara nyingine kwa kadiri hiyo hiyo, atakuwa karibu na kuwauzia watu kofia kwa ajili ya thawabu.

Ndipo nilipomuuliza suali ambalo halikumpendeza: "Nauli ni mali ya nani?"

Neno lenyewe lina jibu. Wajuzi wa lugha husema kwamba nauli tumeipata kwa Waarabu, na Waarabu waliipokea kwa Wayunani wa kale, ambao ujira wa chombo cha baharini waliuita naulon. Kwa hivyo limekuja kwetu kwa njia ya bahari, likiwa na maana ya haki ya mchukuzi, mwenye chombo na tanga. Nauli si bei ya bidhaa wala si hidaya ya muuzaji. Ni fedha zinazopita mkononi mwa muuzaji zikielekea kwa mwingine, na mtu anayepitishiwa fedha za mwingine ni mwekwa amana: hana haki ya kujitajirisha kwazo, lakini vile vile hana wajibu wa kuzitoa kwenye chakula cha watoto wake. Nikamwambia kwamba haya ndiyo msingi, na yote mengine ni hisabu.

Mji wetu huu si mgeni wa mambo ya nauli za vifurushi na barua. Mwaka 1868 posta ya Uhindi, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilifungua ofisi hapa Unguja, ikaifunga mwaka uliofuata, kisha ikarejea 1875. Wafaransa wakafungua posta yao mwaka 1889 na kukaa nayo hadi 1904. Wajerumani nao wakafungua yao 1890, isidumu hata mwaka mzima. Kwa kitambo kile kifupi, katika mji ambao mtu huweza kuuvuka kwa miguu kahawa yake isipoe, kulikuwa na posta tatu za mataifa matatu, kila moja na stempu zake. Mwezi wa Novemba 1895 Zanzibar ilichukua posta iwe yake, ikaanza kwa stempu za Uhindi zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake, na mwaka uliofuata ikatoa stempu zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini.

Lakini stempu ninazozipenda mimi katika historia hiyo ni zile zisizokuwa na sura ya mtu wala ya jahazi. Katika miaka ya 1920 na 1930 posta ya Zanzibar ilichapisha stempu za deni, ambazo zilibandikwa juu ya barua iliyotumwa kwa malipo pungufu, ili aipokeaye alipe kilichobakia. Humo mna ilimu kubwa kwa muuzaji wa leo: nauli isiyolipwa haifi. Itamngoja mtu mlangoni, ama aliyetuma, ama aliyetumiwa, na kazi yote ya kupanga nauli ni kuamua mapema, kwa uwazi na kwa ridhaa, mtu huyo atakuwa nani.

Uamuzi huo ndio uliobadilisha posta ya dunia. Kabla ya mwaka 1840, barua nchini Uingereza zilitozwa kwa masafa na kwa idadi ya karatasi, na aghalabu mlipaji alikuwa mpokeaji, ambaye aliweza kuikataa barua baada ya kwisha kubebwa nchi nzima. Rowland Hill, katika kijitabu alichokiandika mwaka 1837, alipiga hisabu akaona kwamba gharama ya kuibeba barua moja kutoka London hadi Edinburgh haifiki hata peni, bali ni kama sehemu moja ya thelathini na sita ya peni hiyo. Kilichogharimu kilikuwa ni kuipokea, kuiandika, kuitenga na kuigawa. Basi akashauri nauli moja kwa masafa yote, peni moja kwa nusu wakia, ilipwe na mwenye kutuma kabla barua haijatoka. Na mwaka 1840 ikaanza kutumika.

Msichana alipoyasikia hayo akafurahi, akasema, "Basi na mimi niweke nauli moja kwa wote, yaishe."

Nikamwambia asubiri. Hila ya Hill ilifaa kwa sababu barua ni nyepesi na zote zafanana. Kifurushi si barua. Tukatunga mfano wa vifurushi ishirini, kwa tarakimu ambazo msomaji asizichukue kuwa bei za ofisi yoyote: kumi na mbili vya Tanzania Bara kwa 7,500 kila kimoja, ambazo ni 90,000, vitano vya Kenya kwa 30,000, ambazo ni 150,000, na vitatu vya Uingereza kwa 90,000, ambazo ni 270,000. Jumla ni 510,000, na ukigawa kwa ishirini hupata 25,500. Karatasini hisabu hii ni nzuri na yajilipa. Lakini mwalimu wa Tanga akiambiwa atoe 25,500 kwa kofia ya 40,000 atacheka, atafunga simu yake na kwenda kununua kofia ya mashine mtaani kwao. Na kijana wa London akiona nauli ni rahisi kuliko alivyotaraji ataagiza yeye, na nduguze, na jirani zake. Wa karibu watatoka, wa mbali watabaki, na kwa kila mmoja wa hao waliobaki muuzaji atatia 64,500 kutoka mfukoni mwake. Wastani uliokuwa wa kweli jana utakuwa wa uongo leo, kwa sababu ya huo wastani wenyewe.

Kwa hivyo nauli moja inafaa, lakini ndani ya mpaka: moja kwa Unguja, moja kwa Pemba na Bara, moja kwa Kenya na jirani zetu, moja kwa Oman na Ghuba, moja kwa Ulaya, moja kwa Marekani na Kanada. Ndani ya kila fungu muuzaji achukue vifurushi ishirini vya mwisho, ajumlishe alicholipa hakika, agawe, na azungushe kwenda juu kwa mia chache. Na kila bei inapopanda airudie hisabu hiyo. Wapo wanaopenda kumtoza kila mnunuzi nauli yake halisi hadi shilingi ya mwisho, nayo ni njia ya haki kupita zote, lakini humtaka muuzaji apime na kuuliza kabla ya kumjibu mnunuzi, na mnunuzi wa simuni hana subira ya mnunuzi wa barazani.

Ama kuhusu yale maneno "nauli juu yetu", ambayo msichana aliyaandika chini ya kila picha, sina ugomvi nayo, maadamu mwenye kuyaandika anajua maana yake. Hakuna nauli ya bure. Iliyotiwa ndani ya bei inalipwa na mnunuzi bila ya kuiona, na isiyotiwa popote inalipwa na muuzaji bila ya kuiona vile vile, na hilo la pili ndilo lililomfika yeye. Anayetaka kutumia maneno hayo aipandishe bei ya kofia mpaka ibebe nauli, akumbuke kwamba mnunuzi anayeichukua mwenyewe hapa Mkunazini atakuwa analipia safari ambayo kofia yake haikuisafiri, na kwa hivyo ampunguzie.

Iko sura moja tu ambayo ndani yake ukarimu na hisabu hukubaliana. Ofisi nyingi za uchukuzi hupanga nauli kwa ngazi za uzito, mara nyingi za nusu kilo, na kofia ya mkono haina uzito wa kutajwa. Kofia moja na kofia tatu, zikikunjwa bapa na kufungwa vyema, huweza kukaa katika ngazi moja. Mwenye kununua kofia tatu huleta faida ya 30,000, na kifurushi chake bado ni cha 7,500. Huyo, muuzaji akimbebea nauli yote, hubakiwa na 22,500 kwa safari moja ya kwenda ofisini. Na mnunuzi naye, badala ya kuagiza moja leo na moja mwezi ujao, huagiza za kaka zake kwa pamoja. Kwa hivyo tuliandika: mwenye kuchukua tatu na zaidi kwa Bara, nauli ni juu yetu, mwenye kuchukua moja au mbili, alipe nauli.

Baada ya hapo nilimtuma jikoni alete mizani ya unga. Tukakipima kile kifurushi cha Tanga, ambacho ndani yake mlikuwa na kofia moja tu. Mizani ikasema gramu 520. Sanduku la karatasi ngumu, lililotoka kwenye duka la viatu, pamoja na magazeti aliyoyasokomeza pembeni ili kofia isitikisike, vilikuwa na uzito mara kadhaa kuliko kofia, na kwa gramu ishirini vilikuwa vimeivusha nusu kilo. Akatoa magazeti, akakata kifuniko cha sanduku na kulifunga upya kwa karatasi ya kaki, ikawa 460. Penye ngazi za nusu kilo, basi, magazeti na kifuniko vingemtoza nauli ya ngazi ya pili. Tangu siku hiyo yeye hupima kitu baada ya kukifunga, wala si kabla, na hupima kwa mizani, wala si kwa mkono.

Mwenye mikoba ya ukili ana mtihani mwingine, kwa kuwa mkoba ni mwepesi lakini unachukua nafasi, na ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito. Kampuni kubwa za uchukuzi wa haraka huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000, na jawabu hulihisabu kuwa kilo. Ikiwa kilo hizo zinazidi uzito wa mizani, nauli hutozwa kwa hizo. Sanduku la sentimita 45 kwa 40 kwa 10 huhisabiwa kuwa kilo 3.6, hata ikiwa mkoba uliomo hauna kilo nzima. Mkoba uliosukwa kwa ukindu laini ukakunjwa, au mikoba miwili iliyotiwa mmoja ndani ya mwenziwe, huokoa fedha ambazo hakuna ubishi wa bei ungeweza kuziokoa.

Kisha kuna zile gharama zinazokwenda pamoja na nauli kama chawa na nguo: karatasi, gundi, plastiki ya kuzuia mvua ya masika, makato ya kupokea fedha kwa simu, na bodaboda ya kwenda ofisini. Bodaboda ya shilingi 2,000 ikibeba kifurushi kimoja, kila kifurushi kina 2,000. Ikibeba kumi, kila kimoja kina 200. Ndiyo sababu tulichagua siku mbili, Jumatatu na Alhamisi, ziwe siku za kupeleka, na wanunuzi waambiwe hivyo. Na makato ya fedha yana mtego wa hisabu ambao huwanasa hata waliosoma: ikiwa njia ya malipo hukata asilimia 5 katika jumla yote, nauli ikiwemo, na muuzaji anataka apate 40,000 kamili, akiongeza asilimia 5 juu ya 40,000 atatoza 42,000, na akikatwa atabaki na 39,900. Inampasa agawe 40,000 kwa 0.95, atoze 42,105.

La mwisho katika orodha hiyo ni hasara ya kupotea. Hakuna mchukuzi duniani asiyepoteza, na muuzaji mwaminifu hulipa. Tuseme kifurushi kimoja katika hamsini hakifiki, na kila kinachopotea kimebeba kofia ya 30,000 na nauli ya 7,500. Ukigawa 37,500 kwa hamsini, kila kifurushi kinapaswa kuweka pembeni 750. Mwenye kuweka 750 katika kila safari, siku ya msiba atampelekea mnunuzi kofia nyingine bila kugombana, na biashara haigombi.

Msomaji atauliza kwa nini nauli zinapanda, na kwa nini nauli ya London imepanda zaidi kuliko ya Tanga. Sababu ya karibu tunaiona wenyewe: ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati ya Zanzibar, hutangaza bei ya mafuta kila mwezi, na mafuta yakipanda, boti, gari na pikipiki hazina pengine pa kwenda. Ya mbali imefichika zaidi. Nchi zilizokutana Bern zilipotia saini mapatano ya posta tarehe 9 Oktoba 1874, mapatano yaliyozaa Umoja wa Posta Duniani, zilikubaliana kila nchi ibaki na fedha za stempu zake, kwa kuitakidi kwamba kila barua huzaa jibu na kwamba kazi ya kugawa italingana. Itikadi hiyo ilikubalika kwa miaka karibu mia moja, mpaka mkutano wa Tokyo wa mwaka 1969 ulipoanzisha malipo ambayo posta inayotuma huilipa posta inayogawa. Biashara ya intaneti ilipoanza kumwaga vifurushi vidogo upande mmoja bila majibu, Marekani ilitishia kujitoa, na mkutano wa Geneva wa Septemba 2019 ukaziruhusu nchi zinazopokea vifurushi vingi zijipangie zenyewe ujira wa kugawa, Marekani ikitangulia mwaka 2020. Tangu hapo, ujira wa mgawa barua wa Chicago huweza kupanda na kuteremkia katika dirisha la posta yetu kongwe ya Shangani, ambako mwenye kofia hajui umetokea wapi.

Na forodha za huko nazo zimefunga vichochoro vyake. Uingereza, tangu mwanzo wa mwaka 2021, hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa vifurushi vya thamani ndogo. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa vitu visivyozidi yuro 22 tarehe 1 Julai 2021. Na Marekani, iliyokuwa ikiviachia bila ushuru vifurushi visivyozidi dola 800, ilikomesha msamaha huo tarehe 29 Agosti 2025, hata posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya huko. Mnunuzi asiyeambiwa hayo huletewa deni mlangoni, kama wale wapokeaji wa zamani na stempu za deni, naye hukasirika, hukikataa kifurushi, na muuzaji hulipia kurudi. Kwa hivyo katika tangazo la mafungu ya mbali tuliandika maneno haya bila kificho: nauli hii haina ushuru wa nchi yako ndani yake. Na mwenye kutaka kutia karafuu kidogo ziwe manukato ya njiani, akumbuke kwamba zao hilo hapa kwetu lina sharia zake na lina Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, basi aulize kabla ya kufunga.

Hapa kisiwani kwenyewe, ambako mtu angedhani mambo ni mepesi, nauli ina tabia nyingine. Mzigo wa Nungwi au Makunduchi hukabidhiwa konda wa daladala, jina na namba ya simu vimeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, na mwenyewe huungoja kituoni. Mzigo wa mjini huenda kwa bodaboda, na gharama yake haiko katika masafa bali katika kumpata mtu. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imetupa namba na majina ya mitaa, lakini ulimi wa Unguja bado husema "nyuma ya msikiti, nyumba yenye mwembe, uliza kwa mama fulani", na dereva aliyezunguka mara mbili hudai mara mbili, naye ana haki. Tuliongeza mstari mmoja: asiyepatikana kwa simu atalipia safari ya pili. Mstari huo peke yake umepunguza safari za pili kuliko nasaha yoyote.

Lilibakia jambo la wakati, nalo kwangu ni kubwa kuliko tarakimu zote. Walikuwapo watu saba waliokwisha agiza na kulipa kabla ya bei mpya, na msichana alitaka awaombe waongeze. Nikakataa. Fakihi yeyote atakwambia kwamba bei iliyokwisha fungwa kwa ridhaa ya pande mbili haifunguliwi na mmoja, na kwamba muamala wenye jambo lisilojulikana ndani yake umekwisha jitia doa. Nahodha hapandishi nauli baada ya kung'oa nanga. Kwa wale saba alilipa tofauti yeye mwenyewe, 10,500 kwa jumla, akaziandika daftarini chini ya kichwa cha habari "ada ya kujifunza". Na kwa watakaokuja akatunga tangazo, ambalo nalinukuu kwa idhini yake, kwa kuwa mwingine huenda likamfaa:

"Wateja wetu wapenzi, nauli za kupeleka vifurushi zimepanda. Bei ya kofia haikubadilika. Kuanzia Jumamosi ijayo mnunuzi wa kofia moja au mbili Bara atalipa nauli 7,500, na mwenye kuchukua tatu na zaidi hatalipa kitu. Mlioagiza kabla ya siku hiyo, mapatano yetu ni yale yale. Bei za nchi nyingine tumeziorodhesha hapa chini, nasi hupeleka Jumatatu na Alhamisi."

Alilituma usiku, akazima simu, akalala na khofu. Asubuhi alikuta wawili wameuliza kama kofia zenyewe zimepungua, mmoja ameapa kwamba hatanunua tena, na mwenye duka wa Kariakoo ameagiza tatu, jambo ambalo halikupata kutokea. Na yule mwalimu wa Tanga, ambaye kifurushi chake ndicho kilichorudi kwapani Jumatatu ile, alikuwa ameandika: "Kwa hiyo siku zote hizi ile elfu sita mlikuwa mkinilipia nyinyi? Mimi nikidhani posta ya Zanzibar ni bure. Nitumie namba nikurudishie."

Msichana alinionyesha maneno hayo akicheka, akauliza ampe namba au asimpe.

"Unaonaje wewe?" nikamwambia.

Akafikiri kidogo, kisha akamwandikia kwamba kofia zile zilikwisha nunuliwa kwa mapatano yake na kuvaliwa, hazina deni. Ila akitaka nyingine, nauli yake ni 7,500.